Nusu krauni ya 1905: kisa cha sarafu iliyogoma kufungika

Kifuniko kiligoma. Ndilo jambo la kwanza shemeji aliloniambia aliponipigia simu kutoka Coventry, Uingereza: sarafu imefika, inapendeza, lakini kikasha chake cha plastiki hakifungi. Vikasha vyake vyote vya nusu krauni, sarafu za zamani za Uingereza, alivinunua pamoja, vya aina moja, na sarafu nane za mwanzo ziliingia bila taabu. Hii ya tisa ilikaa, ila kifuniko kikabaki kimeinuka upande mmoja kama cha sufuria iliyojazwa wali kupita kiasi.

"Labda kikasha ndicho kibovu, shemeji," akasema.

Nikamwomba ajaribu kingine. Nacho kikagoma.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Tunazo picha za tangazo, historia ya madau, vipimo tulivyovichukua wenyewe na barua alizoandikiana na muuzaji, kwa hiyo sihitaji kukisia mengi. Baada ya kuvipitia vyote mara kadhaa nimefikia jambo moja ambalo hata shemeji sasa analikubali: kila kilichotujulisha kwamba sarafu ile ni bandia, isipokuwa unene wake, vipimo vya mizani na mshono wa ubavuni, kilikuwa kinaonekana kwenye skrini yake siku saba kabla hajalipa. Na vitu vya kulinganishia alikuwa navyo nyumbani, kwenye droo.

Shemeji alianza na bati la sarafu aliloachiwa na baba yake: shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima, za enzi ya Mfalme George wa Tano, zilizoanza kupigwa 1921 wakati fedha za nchi zetu zilipokuwa zikiendeshwa na bodi iliyokaa London. Zile shilingi zilikuwa na robo tu ya madini ya fedha. Akataka kujua shilingi yenyewe ilitoka wapi, huyo "bob" ambaye Wakenya wanaye mdomoni hadi leo, maana ni jina la mtaani ambalo Waingereza waliliita shilingi yao. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye sarafu za Uingereza za kabla ya 1971, pauni ilipokuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12.

Akachagua nusu krauni za Edward wa Saba. Nusu krauni ilikuwa shilingi mbili na peni sita, nane zikitimiza pauni. Edward alitawala kuanzia Januari 1901 hadi Mei 1910, na nusu krauni zake zina tarehe tisa tu, 1902 hadi 1910. "Tisa, shemeji, halafu zinaisha," aliniambia akiwa na furaha ya mtu aliyeuona mwisho wa safari kabla ya kuondoka. Ni uchaguzi mzuri. Sarafu ni kubwa, kama milimita 32 upana, uzito wake kamili ni gramu 14.14, na fedha ni asilimia 92.5, kwa sababu Uingereza ilikuja kuipunguza hadi nusu mwaka 1920 na kuiondoa kabisa 1947. Zilizochakaa za miaka ya kawaida hupatikana kwa bei isiyoumiza.

Isipokuwa moja. Mwaka 1905 kiwanda cha sarafu cha kifalme, wakati huo kikiwa Tower Hill, London, kilitoa nusu krauni 166,008. Mwaka uliofuata kilitoa zaidi ya milioni 2.8. Ndiyo maana 1905 iliyochakaa huuzwa kwa mamia ya pauni na iliyo safi kwa maelfu, wakati dada yake wa 1906, mwenye sura ileile, uzito uleule na gramu zilezile 13 za fedha halisi, hugharimu sehemu ndogo mno ya hizo. Tofauti yote imo kwenye tarakimu moja. Wanaoghushi wanalijua hilo vizuri, na nusu krauni ya 1905 ni miongoni mwa sarafu za Uingereza za karne iliyopita zinazoghushiwa sana.

Kwa miezi saba albamu ya shemeji ilikuwa na sarafu nane na shimo moja. Aliyewahi kukusanya kitu chochote anajua shimo moja linavyomsumbua mtu kuliko mashimo manane.

Tangazo lilitokea Jumatatu kwenye tovuti moja kubwa ya minada. Kichwa chake kilisema: nusu krauni ya fedha, Edward wa Saba, 1905, adimu. Chini yake mistari mitatu: imetoka kwenye nyumba ya marehemu, muuzaji hana ujuzi wa sarafu, inauzwa kama ilivyo na mnunuzi aangalie picha. Dau la kuanzia peni 99. Picha mbili, mbele na nyuma. Ubavu haukupigwa picha.

Maneno haya peke yake si ushahidi wa wizi. Watu wengi huuza vitu vya wazazi wao bila kuvijua, na baadhi ya manunuzi yangu mazuri yametoka kwenye matangazo ya namna hiyo. Lakini soma kichwa na maelezo pamoja. Kichwa kinajua kwamba sarafu ni ya fedha, kinajua mwaka, na kinajua kwamba mwaka huo ni adimu. Maelezo hayajui kitu. Mtu yuleyule hawezi kujua kiasi hicho juu na kutojua chochote chini. Shemeji alikisoma kichwa mara nyingi. Maelezo anakiri aliyapitia mara moja.

Alhamisi aliweka dau la pauni 120. Tovuti hizi hazitangazi kiwango chako cha juu. Zinakupandishia kidogokidogo kila mwenzako anapoongeza, mpaka kikomo ulichoweka. Usiku huohuo mshindani mmoja, ambaye jina lake lilifichwa kwa nyota, alipanda hatua kwa hatua mpaka akampita. Shemeji akaweka 180. Yule akapanda tena, tano tano, akampita tena. Jumamosi shemeji akafika 250, yule akampita. Jumapili usiku, zikiwa zimebaki dakika nne, shemeji akaweka 330. Mshindani akapanda mpaka karibu na 312, akanyamaza. Mnada ukafungwa kwa pauni 312, na nauli ya posta pauni 4.80.

Historia ya madau iko wazi kwa yeyote anayeibofya. Tulipoibofya baadaye tulikuta kwamba sehemu kubwa ya madau ya mshindani yule katika siku 30 aliyaweka kwa muuzaji huyu mmoja. Kuweka mtu wako apandishe bei ya mali yako ni kosa kisheria Uingereza, na sisi hatuna uthibitisho kwamba ndivyo ilivyokuwa. Huenda alikuwa mtu kama shemeji, mwenye shimo kwenye albamu yake. Ninachosema ni kwamba mtu anayepanda kwa hatua ndogo hadi akipate kikomo chako anakuwa amekipima kikomo hicho, na ukiongeza tena unampa nafasi ya kukipima upya. Mimi huweka dau moja tu, lile ninalolimudu kweli, sekunde za mwisho kabisa, kisha naondoka kwenye kompyuta. Nikishindwa, nimeshindwa. Shemeji alipigana siku nne, na katika siku hizo nne bei aliyokuwa tayari kulipa ilipanda karibu mara tatu ilhali hakuna jambo jipya alilojifunza kuhusu sarafu yenyewe.

Nilimuuliza kwa nini hakununua kwenye nyumba ya mnada ya London yenye wataalamu wa sarafu, maana nazo siku hizi hupokea madau kwa intaneti. Akasema aliogopa kamisheni. Tukapiga hesabu mezani. Nyundo ikianguka kwenye pauni 300, kamisheni ya mnunuzi ikiwa tuseme asilimia 24, ni 72. Kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo ni 14.40. Jumla 386.40. Zile 86 na ushee zinauma, siwezi kukataa. Lakini unazilipa kwa mtu aliyeishika sarafu kabla yako, akaipima, na kuweka jina la nyumba yake chini ya maelezo. Kwa sarafu ambayo thamani yake yote imo kwenye tarakimu moja, naona hiyo ndiyo pauni 86 yenye kazi kuliko zote.

Sasa picha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zilipopotea.

Sarafu halisi hupigwa chapa: kipande cha fedha hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu kwa nguvu kubwa, na kila mstari hutoka na kingo kali. Sarafu nyingi bandia husubiwa: madini yaliyoyeyushwa humwagwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kutokana na sarafu halisi. Kalibu haichukui kingo kali sawasawa. Herufi hutoka na mabega ya mviringo, kama zimeandikwa kwa sabuni.

Ukikuza picha ya mbele ya sarafu ile, tazama kwanza vishanga vidogo vinavyozunguka ukingo. Kwenye sarafu halisi iliyochakaa vinaweza kuwa vimelika, lakini kimoja hutengana na kingine. Kwenye hii vilikuwa vimeungana, kama meno ya kitana yaliyoshikwa na nta. Kisha shuka chini ya shingo ya mfalme. Mchongaji wa sura ile alikuwa George William de Saulles, na alama yake, "De S.", imo pale kwa herufi ndogo sana. Kwenye picha ya muuzaji palikuwa na kijivimbe.

Halafu uchakavu wenyewe. Sarafu huchakaa kwa vidole na mifuko, kwa hiyo huanza kulika pale palipoinuka: nywele za juu ya sikio, ndevu, shavu. Sehemu za chini, kati ya herufi, pembeni mwa ngao upande wa nyuma, hujificha, na ndimo uchafu wa miaka mia unamobaki kama mstari mweusi. Kwenye sarafu hii ulaini ulikuwa kotekote, hata kwenye vijipembe ambavyo kidole hakifiki, na rangi ya moshi ilikuwa moja toka ukingo hadi ukingo. Ulikuwa uchakavu wa sarafu nyingine, ulionakiliwa pamoja na sura yake.

Shemeji alizaliwa na kukulia jirani na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Nilipomaliza kumwonyesha haya alikaa kimya kwanza, kisha akasema: "Pale kwetu hakuna mtu anayetaja bei kabla hajafunua matamvua. Mimi nimefunua matamvua tangu nina miaka saba." Aliisema kwa uchungu, na nikamwonea huruma, kwa sababu kwenye droo ya meza aliyoitumia kuweka madau kulikuwa na nusu krauni nane za mfalme yuleyule, kazi ya mchongaji yuleyule. Hakutoa hata moja aiweke kando ya skrini. Ninaamini kosa lake kubwa ni hilo. Alikuwa amekwisha kuziona zile nane kama kazi iliyokamilika, na macho yake yote yalikuwa kwenye shimo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Coventry na mizani yangu ndogo ya kidijitali, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Shemeji alikuwa ameshaijaribu kwa sumaku, ikakataa kunasa, akapata moyo. Nikamweleza kwamba fedha hainaswi na sumaku, lakini shaba nayo hainaswi, wala risasi. Sumaku huwakamata wajinga wa mwisho tu.

Tukaipima: gramu 13.86. Zile nane zake zilikuwa kati ya 13.70 na 14.10, kwa hiyo kwa uzito pekee ilipita. Aliyeitengeneza alijua mnunuzi ana mizani. Lakini ili madini mepesi yafike uzito wa fedha kwa upana uleule, lazima sarafu iwe nene zaidi, na hapo ndipo kile kifuniko kilipogomea.

Tukaweka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, tukairudisha mizani sifuri. Tukaifunga ile ya 1906 kwa uzi mwembamba wa kushonea, tukaizamisha yote bila kugusa chini wala pembeni, tukaigongagonga kidogo ili viputo vitoke. Sarafu inaponing'inia kwenye uzi namna hiyo, mizani husoma uzito wa maji iliyoyasukuma, na gramu moja ya maji ni mililita moja. Ya 1906 ilikuwa na uzito wa 13.92, mizani ikasoma 1.34. Gawanya: 10.39, yaani gramu kwa kila mililita. Fedha ya asilimia 92.5 ni karibu 10.36, na kwa mizani ya nyumbani hapo pamefika kabisa.

Mke wangu na wifi yake walikuwa wameacha mazungumzo yao wakaja kusimama nyuma yetu. Shemeji mwenyewe akaizamisha ya 1905. Mkono ulimtetemeka, uzi ukagusa kikombe, tukarudia. Mizani ikasoma 1.55. Tukarudia mara ya tatu: 1.55. Gramu 13.86 kugawa kwa 1.55 ni 8.94. Hapo ndipo inapokaa shaba, na mchanganyiko wa shaba na nikeli. Fedha haipo hapo, ila labda ngozi nyembamba iliyochovywa juu. Tulipoigeuza ubavu chini ya taa tukauona na mshono: mstari mwembamba uliokatiza yale meno ya pembeni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Usiku ule nilipekua minada iliyokwisha fungwa ya muuzaji yule. Katika miezi mitatu alikuwa ameuza nusu krauni nyingine mbili za 1905, zote za "nyumba ya marehemu". Nikaziweka picha tatu sambamba. Nyuma ya shingo ya mfalme kuna mkwaruzo mfupi, uliopinda kama ukucha. Ulikuwepo kwenye zote tatu, mahali palepale, umepinda vilevile. Mkwaruzo hupatikana kwa bahati, mara moja, kwa sarafu moja. Ukiuona kwenye tatu, ujue zote zimetoka kwenye kalibu moja, na iliyokwaruzwa kweli ni ile mama yao. Sijaona ushahidi mwepesi kuliko huu, na ulihitaji dakika kumi za kutafuta ambazo mtu angeweza kuzitumia siku yoyote ya wiki ile ya mnada.

Kuhusu kurudishiwa pesa nitasema kwa ufupi, ingawa ilichukua wiki tatu. Rasimu ya kwanza ya shemeji ilikuwa ndefu na ya hasira, ikimwita muuzaji mwizi. Tukaichana. Mtu binafsi anayeuza Uingereza habanwi sana kuhusu ubora, lakini alichouza lazima kilingane na alivyokieleza, na "kama ilivyo" haifuti hilo. Kichwa cha tangazo kilisema fedha. Basi barua ya pili haikubishania kama sarafu ni halisi au la, jambo ambalo muuzaji angejibu kwamba yeye si mtaalamu. Ilisema sarafu iliuzwa kama fedha na si fedha, ikaambatanisha picha za mizani, hesabu, na zile picha tatu za mkwaruzo. Muuzaji alijibu mara moja kwamba sarafu za zamani "hutofautiana", kisha akanyamaza. Tovuti ikaamua kwa faida ya mnunuzi. Pauni 316.80 zilirudi.

Ila walitaka sarafu irudishwe kwa muuzaji. Hilo linanikera mpaka leo, na nilimwambia shemeji hivyo. Aliituma kwa posta ya kufuatiliwa, kwa sababu bila hivyo asingelipwa, na kabla ya kuifunga tukaipiga picha pande zote na ubavu. Baada ya wiki saba mkwaruzo uleule, uliopinda kama ukucha, ulikuwa mtandaoni tena chini ya jina jingine la muuzaji, dau la kuanzia peni 99. Shemeji aliripoti akiambatanisha picha zetu. Siku ya pili tangazo halikuwepo.

Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya sarafu yanayofanyika kwenye jumba la makumbusho ya pikipiki nje kidogo ya Birmingham. Meza ya nne au ya tano ilikuwa na 1905, imechakaa vya kutosha, ndevu za mfalme zimekuwa bapa. Mzee mwenye meza akamruhusu aitoe. Shemeji akatoa mfukoni 1906 yake iliyofungwa kwenye kitambaa, akaziweka bega kwa bega chini ya lenzi, na niliona alipoanzia: kwenye vishanga vya ukingo. Akavizunguka vyote. Akashuka chini ya shingo. Akaigeuza ubavu. Dakika tano nzima hakuuliza bei, na alipoiuliza ilikuwa zaidi ya alichokuwa nacho. Akashukuru, akairudisha, na mzee yule akamwandikia kwenye kadi mwezi atakaorudi.